Edipode alikosa nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, niko Iringa. Darasani tumefundishwa kuwa tanzia ni mchezo unaoishia kwa kifo, na kwamba Aristotle alisema shujaa wa tanzia huangushwa na dosari ya tabia yake, hasa kiburi. Nilisoma Mfalme Edipode, tanzia ya Sophocles, nikaandika katika insha kwamba sioni dosari iliyomfanya amuue baba yake na kumuoa mama yake, kwa sababu hakujua. Nikakatwa maksi. Nimekosea wapi? Tena nimesikia kwamba Plato alitaka washairi wafukuzwe mjini. Sasa mwanafunzi wake aliwezaje kuandika kitabu cha kuwatetea? Na mambo ya Wagiriki hao yalitufikiaje sisi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maksi zako sina uwezo wa kukurudishia, lakini hauko peke yako. Mwaka 1966 profesa mstaafu wa Kigiriki wa Oxford, E. R. Dodds, alichapisha makala iliyozaliwa na uchovu wa kusahihisha mitihani. Wanafunzi wa huko nao walikuwa wameandika kilekile ulichotakiwa uandike wewe: Edipode alikuwa na kasoro, miungu ikamwadhibu. Dodds akaichambua hoja hiyo kipande kwa kipande, akaonyesha kwamba mchezo wenyewe hausemi hivyo. Ila usimwendee mwalimu wako kwa shari. Ameyapokea kama nilivyoyapokea mimi nikiwa na umri wako, yameandikwa ubaoni kwa chaki, nami nikayafundisha miaka kadhaa kabla sijaifungua Poetika yenyewe, yaani kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi. Nayo ni kitabu chembamba, mtu anakimaliza kwa siku mbili.

Tuanzie mlango wa 13 wa kitabu hicho. Aristotle anauliza: mtu wa namna gani akianguka ndipo tumhurumie na sisi wenyewe tuingiwe hofu? Si mwema kupita kiasi, maana mwema akipondwa bure tunachukizwa tu. Si mwovu, maana mwovu akianguka tunasema yamemfika. Anabaki mtu wa katikati, mwenye jina na neema, ambaye hakuangushwa na uovu bali na hamartia fulani. Mistari michache mbele anarudia neno hilo na kuliongezea sifa: hamartia kubwa. Na mfano anaoutaja ni huyohuyo Edipode wako.

Hamartia hiyo ndiyo kitabu chako cha kiada kimeiita dosari ya tabia. Lakini neno limetoka kwenye kitenzi ambacho Homer anakitumia vitani. Katika Iliad, Pandarus anamrushia Diomedes mkuki, unatoboa ngao, naye anapiga kelele za ushindi akidhani amempata. Diomedes anamjibu bila kutetereka: umekosa, hukupata. Kitenzi ni kilekile.

Hapa Kiswahili kinatupa nafasi ambayo Mwingereza anaitafuta kwa maelezo marefu. Mwindaji amekosa: mshale umepita pembeni. Mtoto amekosa: amefanya asilopaswa kufanya. Nimekukosa nyumbani: nilifika, hukuwapo. Mtu akisema "amekosa" na kunyamaza, inabidi uulize: amekosa shabaha, amekosa adabu, au amekosa kujua? Mgiriki naye ilimbidi aulize hivyo. Kwa hiyo ningepewa kazi ya kuifasiri Poetika, mahali hapo ningeandika "kosa" nikaweka nukta. Hilo "la tabia" ni nyongeza ya watu waliokuja baadaye.

Unataka ushahidi kutoka kwa mwenyewe? Upo katika kitabu chake cha maadili, ile sehemu ya tano inayohusu haki. Anayagawa madhara ambayo watu hufanyiana. Kuna ajali, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitazamia. Kuna dhuluma, mtu anafanya akijua. Na katikati kuna kosa, ambapo chanzo kiko kwa mtendaji mwenyewe lakini hakuwa na nia mbaya. Kuna kitu hakukijua. Kisha, katika maelezo yake juu ya kutenda bila kujua, anatoa mfano ambao mtu akiusoma haraka ataupita: mtu anaweza kumpiga mwingine akijua kwamba ni binadamu, hata akijua ni mmoja wa waliopo, lakini asijue kwamba ni baba yake.

Sasa rudi kwenye mchezo na upange matukio kwa mpangilio wa miaka, usifuate mpangilio wa maonyesho. Edipode anakulia Korintho akiamini kwamba Polybus na Merope ndio wazazi wake. Anaambiwa na Apollo kwamba atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Anafanya nini? Anaihama Korintho ili lisitokee. Kwenye njia panda mzee mmoja ndani ya gari la farasi anampiga kichwani, naye anarudishia, anaua. Hasira ipo, simtetei. Lakini hasira ile haikumfanya muuaji wa baba. Kilichomfanya hivyo ni kutojua aliyekaa garini. Anafika Thebes, anautegua mtego wa Sphinx, mji unampa ufalme na mjane wa mfalme. Hayo yote yamekwisha miaka mingi kabla mhusika wa kwanza hajafungua kinywa jukwaani. Ukali wake kwa nabii Tiresias, tuhuma zake kwa shemeji yake Creon, yaani vile vifungu ambavyo vitabu vya mwongozo huvinukuu kama kiburi, ni vya siku moja ya mwisho. Kiburi cha leo hakiwezi kuwa sababu ya mauaji ya zamani zile.

Tena jambo linalomwangusha siku hiyo ni lipi? Ni kutafuta ukweli kwa ajili ya raia wake wanaokufa kwa tauni. Angekuwa mzembe, angebaki na kiti chake.

Kuhusu neno hubris, ambalo naamini ndilo mwalimu wako alilifasiri kiburi: kwa Waathene lilikuwa zaidi ya moyo wa kujikweza. Lilikuwa shitaka. Mtu aliweza kupelekwa mahakamani kwa hubris, yaani kumdhalilisha mwenzake kwa makusudi, kwa kumpiga au kumtendea la aibu ili kujifurahisha. Aristotle analieleza katika kitabu chake cha balagha, anapozungumzia hasira. Katika Poetika halitaji kama sababu ya anguko la shujaa.

Basi dosari iliingia kwa mlango gani? Milango ni zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni Agano Jipya. Kigiriki cha Paulo kinatumia hamartia kwa maana ya dhambi. Ule mstari wa Warumi 3:23, "wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu", una kitenzi kilekile cha mkuki wa Pandarus. Msomi wa Ulaya aliyelelewa na Biblia alipolikuta neno hili kwa Aristotle, alikuwa tayari ana dhambi kichwani. Halafu wakaja wahakiki waliotaka mchezo ufundishe adabu, mwema alipwe na mbaya aadhibiwe. Kwao ilikuwa lazima Edipode awe na la kujibu. Mwisho, mwaka 1904, A. C. Bradley alichapisha mihadhara yake kuhusu tanzia za Shakespeare, akitafuta katika kila shujaa ile hulka inayomvuta kwenye maangamizi. Kwa Macbeth njia hiyo inazaa matunda. Kosa, la kukosa shabaha hasa, ni kuchukua kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha Macbeth na kumvisha Edipode.

La kifo nalo lina hadithi yake. Kiswahili kiliiita aina hii ya mchezo tanzia, na tanzia kwetu ni taarifa ya kifo. Ina undugu na taazia, na asili ya yote ni Kiarabu, kutoa pole. Ni neno zuri, sitaki tulitupe. Ila linambebesha msomaji matarajio kwamba lazima maiti ipatikane. Wagiriki wenyewe waliuita mchezo huu tragoidia, ambayo ukiivunja unapata "wimbo wa mbuzi", na mbuzi huyo amewashinda wataalamu mpaka leo. Kifo hakimo katika jina. Wala Edipode hafi mwisho wa mchezo wake. Anajitoboa macho, anaomba kuondoka mjini, yuko hai.

Lakini kuna la kushangaza zaidi. Katika mlango wa 13 Aristotle anasema mchezo bora unatoka neema kwenda maafa. Unafungua mlango wa 14 na kumkuta anapanga namna za kutenda jambo la kutisha baina ya ndugu, na namna anayoiweka juu ya zote ni ile ambapo mtu yuko karibu kumuua nduguye bila kumjua, anamtambua, na mkono unasimama. Mfano wake mmoja ni mchezo wa Euripides kuhusu Iphigenia, kuhani wa kike katika nchi ya Watauri, ambako wageni hutolewa kafara. Analetewa vijana wawili, mmoja wao ni Orestes, mdogo wake. Anaamua kumwachia yule mwingine ampelekee barua nyumbani, na kwa kuogopa barua isipotelee baharini anayataja yaliyomo kwa sauti. Orestes anasikia jina lake mwenyewe likitajwa. Hakuna anayekufa, na kwa Aristotle hiyo ni tanzia, tena ya mfano. Milango hiyo miwili inapatanaje? Watu wamebishana kwa karne nyingi. Jibu langu ni kwamba mlango wa 13 unazungumzia njia nzima ya hadithi, wa 14 unazungumzia tukio moja. Lakini nakiri kwamba kiraka hicho kinaonyesha uzi.

Hapa niingize jambo ambalo vitabu vya shule hulipita. Poetika ilifika kwa Waislamu kabla Ulaya ya Kilatini haijaijua. Matta ibn Yunus wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliifasiri kwa Kiarabu kutoka Kisiryani. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakuwa na tamthilia ya kuitazama. Akaifasiri tanzia kama madihi, mashairi ya sifa, na komedi kama hija, mashairi ya kukashifu. Usicheke: hata Aristotle anasema tanzia inaiga watu walio bora kuliko sisi na komedi inaiga walio duni. Karne mbili baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akaifanyia Poetika sherehe yake, yaani maelezo ya kuifafanua, akitegemea tafsiri ya namna hiyo, bila kuwahi kuona jukwaa la Kigiriki. Na alipofika kwenye huruma na hofu baina ya jamaa, mfano alioutaja ni kisa cha Nabii Ibrahim kuamrishwa kumchinja mwanawe. Mtu asiyejua maana ya ukumbi wa michezo alichagua kisa ambacho kisu kinasimama, sawasawa na kile cha Iphigenia. Sherehe yake iligeuzwa Kilatini huko Toledo mwaka 1256, na kwa muda mrefu Ulaya ilimsoma Aristotle wa ushairi kupitia kwake.

Sasa Plato. Umeuliza mwanafunzi aliwezaje kumpinga mwalimu wake. Aristotle alifika Athene mwaka 367 KK akiwa kijana wa miaka 17, akakaa katika Akademia ya Plato miaka kama 20, mpaka mzee alipofariki. Mtu aliyekaa muda huo wote hawezi kuondoka bila deni wala bila ubishi.

Wala Plato hakuwa adui wa ushairi kwa kutoujua. Masimulizi ya kale yanasema ujanani alitunga tanzia, akazichoma moto baada ya kumsikia Socrates. Iwe kweli au isiwe, mazungumzo aliyoyaandika ni kazi ya mtu mwenye sikio la tamthilia. Na kuhusu "kufukuza", soma kwa makini kitabu cha 3 cha Jamhuri: mshairi hodari wa kuiga kila kitu akifika katika mji ule, atapakwa manukato, atavikwa taji la sufi, kisha atasindikizwa kwenda mji mwingine. Anaagwa kama mgeni mtukufu asiyeruhusiwa kulala.

Katika kitabu cha 10 hoja zinakuwa kali. Kuna ile ya kitanda: kitanda chenyewe kama wazo, kilichofanywa na Mungu; kitanda cha seremala; na picha ya kitanda aliyoichora mchoraji. Mchoraji ni wa tatu kutoka kwenye ukweli, na mshairi ni mwenzake. Hoja hii hainisumbui sana. Inayonisumbua ni inayofuata. Plato anasema mtu mwenye heshima akifiwa na mwanawe hujikaza mbele za watu. Lakini mtu huyohuyo akiketi kumsikiliza Homer au mtunzi wa tanzia anamwonyesha shujaa akijipiga kifua, anajiachia, analia pamoja naye, anafurahia kulia, na tena anamsifu mtunzi aliyemliza. Ushairi, anasema, unazimwagilia maji hisia ambazo zilipaswa kukaushwa, halafu hisia hizo zinatutawala siku msiba wetu wenyewe unapofika. Aliyewahi kuishi nyumba moja na watu wanaofuatilia tamthilia za runinga hatalidharau neno hili.

Ila Plato aliacha mlango wazi. Baada ya kutaja "ugomvi wa kale" kati ya falsafa na ushairi, anasema hivi: kama wapo wapenzi wa ushairi wasio washairi, na waje wautetee kwa maneno ya kawaida, waonyeshe kwamba si mtamu tu bali una faida kwa miji na kwa maisha ya watu. Tutawasikiliza kwa moyo mweupe. Mimi naisoma Poetika kama mtu aliyeitikia mwito huo. Kwa hiyo hukukosea kuona kwamba mwanafunzi anampinga mwalimu, lakini mwalimu ndiye aliyeomba apingwe.

Anajibuje? Kwanza, kuiga si ulaghai, ndiko tunakoanzia kujifunza tangu utotoni. Hata picha sahihi ya mzoga tunaitazama kwa furaha ingawa mzoga wenyewe tungeukimbia. Pili, mlango wa 9: mwanahistoria anaeleza alichofanya Alcibiades, mshairi anaeleza mambo ambayo mtu wa namna fulani angesema au angefanya, kwa uwezekano au kwa lazima. Kwa hiyo ushairi una falsafa nyingi kuliko historia. Hapo ndipo umuhimu wa msuko unapotokea. Anauita roho ya tanzia, akiuweka mbele ya wahusika. Tukio lazima lizae tukio. Hata bahati tupu inapendeza ikionekana kama ina nia: anataja sanamu ya Mitys mjini Argos iliyomwangukia na kumuua mtu aliyesababisha kifo cha Mitys, wakati anaitazama.

Tatu, hisia. Na hapa nikupe kisa cha Herodotus. Mji wa Miletus, jamaa wa Waathene, ulitekwa na Waajemi mwaka 494 KK. Mtunzi Phrynichus akautungia tanzia, na ukumbi mzima ukaangua kilio. Waathene wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha maafa yao wenyewe, wakapiga marufuku mchezo ule usionyeshwe tena. Kwa nini Edipode alipokewa na Miletus haukupokewa? Aristotle katika balagha yake anajibu, ingawa hazungumzii mchezo ule: maafa yakiwa karibu mno, kinachobaki ni tishio, na tishio huifukuza huruma. Huruma ni kwa mtu anayeteseka asivyostahili, hofu ni kwa kuwa anafanana nasi, na vyote viwili vinahitaji kanafasi kati yetu na jukwaa. Ndiyo maana anayelia kwenye tamthilia si sawa na mfiwa, na hapo Plato anakuwa amechanganya machozi ya aina mbili.

Utaniuliza kuhusu katharsis, maana mtihani hauachi kuiuliza. Nikuambie wazi: neno hilo, ambalo limeandikiwa vitabu vya kujaza kabati, katika Poetika limo mara mbili tu. Mara moja katika maana ya tanzia, mlango wa 6: mchezo kupitia huruma na hofu unatimiza katharsis ya hisia za namna hiyo. Mara nyingine katika mlango wa 17, kuhusu Orestes kutakaswa kwa ibada, jambo lisilotusaidia. Katika kitabu chake cha siasa anagusia katharsis ya muziki na kuahidi kwamba ataifafanua atakapozungumzia ushairi. Ufafanuzi huo hatunao. Huenda ulikuwa katika sehemu ya pili, iliyohusu komedi, ambayo ilipotea.

Kwa hiyo kila kizazi kimejaza pengo hilo kwa chake. Lessing wa Ujerumani, katika maandishi yake ya Hamburg ya miaka ya 1767 hadi 1769, alisema ni kuzisafisha hisia mpaka zigeuke fadhila. Mwaka 1857 Jacob Bernays akamcheka: katharsis, alisema, ni neno la waganga, maana yake ni kile kinachofanywa na haluli tumboni. Unakunywa, kinatoka, unapata nafuu. Mpwa wa Bernays, Martha, aliolewa na Sigmund Freud. Na Freud pamoja na daktari mwenzake Breuer waliipa tiba yao ya mwanzo, ya kumfanya mgonjwa asimulie mpaka aliyoyazuia yatoke, jina la njia ya katharsis. Ni huyohuyo Freud aliyekuja kumchukua Edipode na kumfanya jina la tamaa iliyofichika kwa kila mtoto, ingawa Edipode wa Sophocles hakumtamani mama yeyote aliyemjua kuwa mama.

Mimi naegemea kwa Bernays zaidi ya Lessing, kwa sababu ya kile kifungu cha siasa. Aristotle anaeleza watu wanaoshikwa na jazba ya kidini, wanachezewa nyimbo zilezile zinazopandisha jazba, na zikiisha wanatulia kana kwamba wametibiwa. Mtu wa pwani aliyewahi kuona ngoma ya kupunga pepo hahitaji maelezo: pepo hapandishwi ili abaki, anapandishwa ili apungwe. Hilo ni jibu kwa Plato. Hisia zikimwagiliwa maji ukumbini huenda zisiote nyumbani.

Mengine ya Ulaya nayapitia haraka. Castelvetro wa Italia, mwaka 1570, alimfanya Aristotle mtunga sheria: umoja wa tendo, wa muda na wa mahali. Aristotle alidai umoja wa tendo peke yake. Kuhusu muda alisema tu kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua, mahali hakupataja. Hata hivyo Wafaransa walimhukumu mtunzi wao Corneille kwa sheria hizo baada ya mchezo wake Le Cid wa 1637. Mwanafalsafa Hegel aliichukua Antigone, tanzia nyingine ya Sophocles, na kusema tanzia ya kweli ni haki mbili zinazogongana, jambo ambalo Aristotle hakulisema, na ambalo kwa Antigone linanishawishi kuliko yote ya Poetika. Mwanafalsafa Nietzsche, 1872, akamgeuzia kibao Socrates: ndiye pamoja na Euripides walioiua tanzia kwa kupenda mno hoja. Brecht, mtunzi wa tamthilia wa Ujerumani, hakutaka huruma kabisa. Alitaka mtazamaji akae nyuma, awashe kichwa, aulize kwa nini dunia iko hivyo na inabadilishwaje.

Kwetu, mambo haya yalipita shuleni, kwenye mitihani ya Cambridge na Shakespeare wake. Halafu wenyewe wakaanza kuyaleta kwa lugha yao. Nyerere alifasiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968, kisha 1971 huyo Mfalme Edipode uliyemsoma. Ebrahim Hussein, aliyekwenda kusoma Berlin Mashariki katika nyumba ya Brecht, kama mtu aweza kusema hivyo, alikuwa amekwisha kuchapisha Kinjeketile mwaka 1969. Mtazame Kinjeketile kwa neno letu la kukosa. Analitoa neno la maji ili liwaunganishe watu, neno linamtoka mikononi na kuwa kubwa kuliko yeye, naye anaanza kuelewa alichokitoa wakati hakuna anayemsikiliza tena. Tafuta dosari ya tabia pale uone kama utaipata.

Sasa insha yako. Ukipewa swali kama lile tena, usiandike "hakuwa na kosa", maana hapo mtahini ana haki ya kukukata: kosa analo, kubwa, na Aristotle amelitaja. Andika kwamba kosa lake ni la kutojua, na uonyeshe mstari. Kabla ya hapo, irudie tafsiri ya Mushi kuanzia pale mjumbe wa Korintho anapoingia na habari anazodhani ni njema. Katika Poetika hilo ndilo tukio la mfano la mgeuko: mtu amekuja kumtoa mfalme hofu, na maneno yake ndiyo yanayomwangamiza. Shika penseli uandike, kwa kila mhusika aliye jukwaani, anajua nini na amekijua katika mstari upi. Utaona kwamba Jocasta, mke wa Edipode, anajua kabla ya mumewe. Anamsihi aache kuuliza, naye hamwelewi.